Mahali Ganda Linapoangukia

Majira yale, barafu ya mto ilipokuwa bado haijaanza kunguruma usiku, Balbina alikuwa akitoka kila jioni na bunduki ya kuazima, anapita uwanja wa ndege, anasimamisha kopo juu ya theluji, anapiga, halafu haangalii kama kopo limeanguka. Anageuka hapo hapo, anapiga magoti, anaanza kutafuta kitu chini.

Tulimwona wote. Kijiji chetu kiko pale ambapo mto umekoma kuwa mto na bahari bado haijawa bahari, na nchi yenyewe ni tambarare isiyo na mti hata mmoja wa kumsitiri mtu. Ukichutama nje ya kijiji, watu wanakuona dirishani huku wanachovya samaki mkavu kwenye mafuta. Leo alikuwa na bunduki ya jirani wa kulia, kesho ya jirani wa kushoto, keshokutwa ya katekista. Zote za aina ile inayojipakia risasi yenyewe, ukivuta kifyatuo inapiga mara moja, inatema ganda, inameza risasi nyingine na kukusubiri. Karibu kila nyumba inayo, kwa sababu mashua inayoyumba haikupi nafasi ya kukokota komeo kwa mkono.

Balbina hakuwa mtu wa vituko. Kazi yake ilikuwa kupokea ndege. Rubani akiita redioni, yeye ndiye aliyejibu na kumwambia upepo unatoka wapi, kisha akapanda pikipiki ya theluji yenye kijisanduku cha kukokota nyuma, akaenda kuchukua barua, nepi, betri, na shangazi wa mtu aliyetoka hospitali. Alikuwa amewahi kwenda mjini kusoma, akarudi mama yake alipofariki, na hakuna aliyemsikia akisema kwamba alirudi kwa huzuni au kwa furaha. Alirudi, basi. Alimkuta baba yake, Angalgaq, ameketi kwenye benchi lake la kazi akinoa ncha ya chusa, mkuki wake wa baharini, akasogezewa kikombe. Tangu siku ile waliishi wawili.

Angalgaq alikuwa mrusha chusa. Nikisema hivyo sina maana kwamba wengine hawakurusha, ila wengine walirusha na yeye akapata. Sili, yule mnyama wa bahari mwenye manyoya na mafuta mengi, majira ya kuchipua huwa amekonda, na maji ya mdomoni mwa mto yamejaa theluji iliyoyeyuka, hayana chumvi ya kumbeba. Ukimpiga risasi anazama kama jiwe. Kwa hiyo risasi peke yake si kitu. Lazima mashua imkimbilie na mtu wa mbele amtie chusa chenye kamba kabla maji hayajamchukua. Sili aliyezama ni jambo baya kuliko sili aliyekimbia. Amejitoa kwako, nawe umemwangusha. Wenzake watasikia.

Miaka yote Angalgaq alipiga mwenyewe na kurusha mwenyewe. Kisha macho yake yakaanza kuona vitu vya mbali kama vimefunikwa na mvuke. Vya karibu aliviona vizuri, uzi kwenye tundu la sindano aliuona, lakini kichwa cheusi juu ya maji ya mbali hakukiona tena. Ndipo walipogawana. Aloysius, mpwa wa mzee, nyuma kwenye injini, Balbina katikati na bunduki, mzee mbele upande wa kulia na chusa chake, kamba ikiwa imezungushwa miguuni.

Safari ya kwanza ya mpango ule, mwaka uliotangulia, Balbina alimpiga sili mwenye ndevu, mkubwa. Wakamkimbilia. Sili akainua kichwa tena, Balbina akapiga ya pili kupita kando ya baba yake, na mzee akasimama kurusha. Mkono ulipokuwa nyuma, bega lake liliruka, kama mtu aliyeitwa ghafla. Chusa kikaingia majini pembeni. Waliona kivuli kikishuka, kikiwa kijani, kisha cheusi, kisha hakuna.

Walirudi. Angalgaq alikausha kamba, akaizungusha, akakitundika chusa ukutani juu ya benchi, na tangu siku hiyo hakukishusha. Watu walipokwenda kwenye barafu alisema, "Mimi sasa ni mzigo tu. Pakieni petroli mahali pangu." Alisema kwa upole, kama anayetoa ushauri mzuri kuhusu petroli.

Nyumba yao ilipita majira ya baridi kwa mafuta ya sili ya kugawiwa. Hakuna aibu katika kugawiwa, sote tunagawiwa. Lakini Balbina alimwona baba yake akichovya samaki wake kidogo, ncha tu, kama mgeni.

Alipokuwa akifua nguo ndipo alipoliona. Lile joho la kitambaa lenye kofia, alilolivaa mzee juu ya koti siku ile, lilikuwa na tundu dogo ndani ya kola, nyuma kidogo ya shingo, kingo zake za kahawia. Si kuliwa na nondo, si kuchanika. Limeungua. Alilishika mbele ya dirisha, akachungulia nje kupitia lile tundu, akaona uwanja wa ndege.

Ganda la risasi likitoka kwenye bunduki linakuwa la moto. Bunduki ya nyumbani kwao ilikuwa ya mbao, ya mtindo wa zamani ambao kila mtu anaupenda, na ile hutupa maganda mbele kulia, mbali, kwa nguvu. Balbina alijiuliza: je, ganda la risasi yangu ya pili lilimwingia baba shingoni wakati mkono wake uko nyuma? Au macho tu? Au uzee tu?

Angeweza kumuuliza. Ninyi mnaosoma mtasema hivyo. Lakini kwetu humuulizi mzee jambo ambalo yeye amechagua kulinyamazia. Ukimuuliza umemwambia kwamba umemwona akishindwa, na kwamba umekuwa ukilifikiria. Hata kumwambia avae skafu, hata kumwambia wabadilishane upande, ni kumuuliza vile vile. Mlango ulikuwa mmoja tu uliobaki. Kutu ya chumvi ilikuwa imeila ile bunduki ya zamani mpaka ikawa inakwama kila mara, na lazima inunuliwe nyingine. Mtu akinunua bunduki hakuna anayemuuliza kwa nini ameichagua hii akaiacha ile.

Walau ndivyo alivyodhani.

"Mke wangu," alisema Aloysius jioni moja, akisimama nyuma yake mikono mfukoni. "Nimewahi kuona watu wanaolenga kopo. Nimewahi kuona wanaolenga bata. Anayelenga theluji ni wewe peke yako. Na hongera, hujaikosa hata mara moja."

"Nani mke wako? Hata chai hujui kuchemsha."

"Nikikuchemshia utajua nakupenda, utaanza kuning'ang'ania. Nakuhurumia."

Aloysius ni mtoto wa shangazi yake, na kwetu watoto wa namna hiyo ni watani. Wanaitana mume na mke tangu wakiwa na meno ya maziwa, wanasemana mbele za watu mambo ambayo mwingine angepigwa kwa kuyasema, na sheria ni moja tu: anayekasirika ameshindwa, na kijiji kitamcheka mpaka mto ugande tena. Mwaka ule Aloysius alikuwa na mke wa kweli na watoto wa kweli, jambo ambalo halikubadilisha chochote.

"Njoo uone," Balbina alisema.

Aloysius alichutama. Theluji ya majira yale ina ganda gumu juu, na kila ganda la risasi lililoanguka lilikuwa limeyeyusha kijishimo chake, kisafi, kama mtu amechoma kwa sindano ya moto. Bunduki ya mbao ya jirani ilikuwa imetoboa vijishimo mbali sana, mbele kulia, vyote vikiwa karibu karibu kama familia. Ile ya katekista, ya kivita ya zamani kutoka ng'ambo ya bahari, nayo ya mbao lakini nzito kama mlango wa kanisa, ilirusha mbele na juu na popote ilipojisikia. Kulikuwa na ndogo ya risasi nyembamba; maganda yake yalidondoka pembeni kwa adabu, karibu na goti.

"Hii ndogo ni nzuri," alisema Aloysius. "Haina fujo."

"Itaangusha maganda ndani ya mashua. Mashua ni ya bati. Ti, ti, ti. Na huko chini kuna masikio."

Aloysius aliangalia upande wa bahari, kisha akashusha sauti. Sili husikia. Husikia mtu akijisifu jikoni, husikia mtu akitaja jina lake ovyo, ndiyo maana hapa hatusemi tunakwenda kuwinda. Tunasema tunakwenda kuangalia barafu.

"Kwa hiyo unatafuta nini hasa?" aliuliza, na mara hii hakutania.

Balbina alifukia vijishimo kwa buti. "Baba bado anaoga na ninyi?"

Wanaume wa hapa huoga mvuke pamoja, uchi, ndani ya kibanda cha magogo ya mtoni, mawe yakiwa mekundu, na huko ndiko habari zote za kijiji zinakochemshwa.

"Hapana. Tangu mwaka jana anaingia wa mwisho, peke yake. Anasema joto letu dogo. Joto langu dogo! Mimi ninayemfukuza katekista mpaka nje!" Akamgeukia. "Kwa nini?"

"Nilikuwa nauliza tu," alisema Balbina.

Mtu anayeoga peke yake ana kitu mwilini asichotaka kionekane. Au amechoka na kelele za Aloysius. Yote yaliwezekana, na alikwenda nayo nyumbani yote mawili.

Duka letu ni moja. Bunduki huning'inia nyuma ya kaunta, kati ya nyavu na maboksi ya biskuti ngumu, na mwenye kuzisimamia ni Lucinda, mama mnene mwenye miwani ya kamba ambaye hajawahi kumuuzia mtu kitu bila kumwambia kwanza maoni yake.

"Unaenda kuangalia barafu?" aliuliza Lucinda.

"Huenda nikaiangalia."

"Chukua ya mbao, mwanangu. Hizi za sasa ni za chuma kisichoshika kutu, kitako cha mbao vile vile. Baba yako alikuwa nayo, baba yangu alikuwa nayo. Haitaki mafuta. Unaipangusa iwe kavu, unaitupa kwenye mashua, basi. Mafuta ya bunduki yakipigwa na baridi yanakuwa uji, na bunduki yenye uji tumboni haifanyi kazi."

"Na ile?"

Mwishoni mwa safu ilining'inia nyeusi, ya mtindo wa jeshi, kitako cha plastiki, na mshikio wa chini kama wa bastola. Vumbi lilikuwa limeketi begani mwake.

"Ile!" Lucinda alicheka. "Kuna kijana alitoka jeshini akaiagiza, kabla haijafika akaoa kijiji kingine. Ile ina tabia za mgeni. Inataka kupanguswa, inataka kubembelezwa, ikiingiwa na chembe ya mchanga inanuna. Na moshi wake inaumeza yenyewe, inajichafua kutoka ndani. Kwa kupiga makopo uwanjani, sawa. Lakini kwa kuangalia barafu…"

"Naomba niishike."

Aliigeuza polepole. Alikuwa na namna ya kuangalia vitu iliyowachosha watu, kama anayesoma maandishi madogo sana. Upande wa kulia kulikuwa na tundu la kutolea maganda, kama kwenye zile nyingine. Ila nyuma ya tundu lile kulikuwa na kinundu cha chuma, kama kifundo cha kidole. Balbina alikipapasa. Kwa nini mtu aitengenezee bunduki kinundu mahali pasipofunga wala kufungua kitu?

"Hiki ni cha nini?"

Lucinda alisogeza miwani. "Pambo?"

"Jeshi halina mapambo."

Wote wawili walikiangalia.

"Nikiipiga mara moja tu, utaniuzia kama mpya au kama iliyotumika?"

"Ukiipiga ni yako," alisema Lucinda. Kisha akatazama kile kinundu tena, na nikimjua Lucinda, kilikuwa kimekwisha kumwingia kama mwiba. "Ngoja nifunge duka. Nami nataka kuona."

Walikwenda nyuma ya matangi ya mafuta, mahali penye theluji safi. Lucinda alisimama nyuma ya Balbina, amejifunika koti lake la maua, akitoa ushauri kuhusu namna ya kusimama. Balbina akapiga.

"Yee!" Lucinda aliruka. "Imenipiga! Hii takataka imenipiga!" Alikuwa anapapasa kifua cha koti lake, ambako kulikuwa na alama ndogo ya masizi juu ya ua moja. Ganda lilikuwa miguuni pake, likizama taratibu kwenye kijishimo chake.

Balbina hakumwangalia yeye. Aliangalia mahali miguu yake ilipokuwa. "Ulikuwa umesimama hapo hapo? Hukusogea?"

"Nisogee niende wapi, mimi na mwili huu? Nyuma yako, hapa."

"Nyuma kulia."

"Nyuma kulia, ndiyo, na ningekuwa mfupi ningepoteza jicho!"

Balbina alichutama, akaweka kidole kwenye kinundu. Ganda linatoka, linagonga pale, linarudishwa nyuma. Mbele hakuna kinachokwenda. Theluji yote ya mbele kulia, alikokuwa akitafuta kwa jioni nyingi, ilikuwa nyeupe tupu, haijaguswa.

Lucinda alimwona akitabasamu na akamkazia macho. Wanawake wa umri wake hawahitaji kuambiwa mara mbili. Aliangalia theluji ya mbele, akaangalia ua la koti lake. Alikumbuka, kama sote tulivyokumbuka, nani hukaa mbele katika mashua ile na kwa nini mwaka huu hakai.

"Nyuma yako huwa anakaa nani?" aliuliza taratibu.

"Aloysius."

Lucinda alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye theluji, na ilibidi Balbina amshike mikono miwili kumwinua.

Maneno yalimfuata Balbina kwa siku zilizobaki. Kwamba amekwenda mjini kusoma akarudi na akili ya sinema. Kwamba bunduki ya plastiki itampasuka mkononi. Katekista alimwambia kwa huruma kwamba mtu akikosea kununua buti anaumia yeye, lakini akikosea kununua bunduki inaumia nyumba nzima. Katekista hakukosea. Balbina aliujua uzito wa alichokuwa amekiacha: chuma kisichonuna, kinachokubali barafu na uchafu na uvivu. Alikuwa amebadilisha uhakika wa risasi ya pili kwa shingo ya mtu mmoja, na hakuwa na hakika hata ya hiyo shingo. Kilichokuwepo ni tundu dogo la kahawia tu.

Aliifungua bunduki ile mezani, akaipangusa kila kipande mpaka kikawa kikavu kama mfupa, akaifunga, akaifungua tena. Kisha akaiweka kwenye benchi la baba yake, chini ya chusa kilichotundikwa, akiilaza upande wa kushoto ili tundu na kinundu vitazame juu. Alikwenda kupokea ndege.

Aliporudi, Angalgaq alikuwa ameiinua karibu na uso wake, karibu kabisa, pale ambapo macho yake bado yalikuwa macho. Dole gumba lake lilikuwa juu ya kinundu. Aliwahi kuwa askari wa akiba wa pwani hii ujanani, waliwapa bunduki kulinda barafu dhidi ya watu ambao hawakuja kamwe, na jamii ya hii aliijua. Lakini alikaa nayo muda mrefu kuliko anayekumbuka ujana. Akavuta komeo, akaliachia. Akakisukuma kinundu kwa ukucha, kama anayejaribu kama jino linatikisika. Kichwa chake kikageuka kidogo nyuma, kulia, kikabaki hapo, kikiangalia ukuta.

Balbina alimimina chai.

"Upepo utatoka wapi kesho?" mzee aliuliza.

"Rubani anasema kusini."

"Barafu itafunguka." Akairudisha bunduki mahali pake, kwa upande ule ule. Akanywa chai. Akasema, bila kumtazama, "Mwambie Aloysius afunge kola."

Asubuhi ukuta juu ya benchi ulikuwa na msumari tu.

Alikuwa tayari ndani ya mashua, mbele, kulia, kamba imezungushwa, kofia ya joho lake imeshuka mabegani, shingo wazi. Aloysius alipomwona alisimama katikati ya ufuko na dumu la petroli mkononi. Kisha akaja, akaliweka dumu taratibu.

"Mjomba. Umekalia mahali pa petroli."

"Petroli itanisamehe."

"Baba anasema ufunge kola," alisema Balbina.

"Kwa nini? Kuna baridi kiasi hicho?"

"Hakusema."

"Mimi sifungi kola kama mtoto mchanga, mke wangu. Wanawake wa kijiji cha jirani wanapenda kuiona hii shingo." Na akaiacha wazi mpaka kifuani.

Walikwenda kuangalia barafu. Vipande vikubwa vilikuwa vikipita polepole kama nyumba zinazohama, na kati yake maji yalikuwa meusi, laini, hayana kelele. Hapo ndipo mtu anapojua kwa nini tunasema kidogo. Ukimya ule unakusikiliza. Walizima injini, wakasubiri, wakaiwasha, wakasogea, wakazima. Balbina aliiweka bunduki ndani ya koti lake ili isiingiwe na matone. Mbele yake aliuona mgongo wa baba yake, na juu ya mgongo ile kola yenye tundu. Balbina hakuwa ameliziba; hata kuliziba ni kuuliza.

Kichwa kilitokea kushoto. Cheusi, kinang'aa, na zile ndevu ndefu nyeupe. Balbina aliinuka nusu, akapumua, akapiga.

Nyuma yake alisikia sauti kama ya mtu aliyekanyagwa, ikakatwa katikati.

"Nenda!" alisema, na mashua ikaruka mbele. Alikuwa na hofu moja kubwa. Mtu akichomwa shingoni hurusha mikono, na mikono ya Aloysius ilikuwa kwenye usukani wa injini. Ukipinda kidogo tu, mbele ya mashua inapinda sana, na chusa kinakwenda pembeni. Lakini mashua ilikwenda moja kwa moja, kama iliyochorwa na rula. Sili aliinua kichwa tena, akaanza kuzama. Balbina akavuta kifyatuo kwa mara ya pili.

Hakuna. Bunduki ilikuwa imenuna. Kama Lucinda alivyosema, kama katekista alivyosema, risasi ya pili ilikuwa imekaa upande mdomoni mwake na haiendi mbele wala nyuma.

"Baba, imekwama!"

Angalgaq hakugeuka. Walikuwa bado mbali kuliko alivyopenda, na kichwa kilikuwa kimebaki mviringo mdogo na mapovu. Sijui aliona nini. Labda aliona mvuke tu na kitu cheusi ndani yake. Alisimama, mkono ukaenda nyuma, na safari hii hakuna kitu kilichomwita. Bega lilikamilisha kazi yake. Kamba ikakimbia kutoka miguuni mwake ikilia juu ya bati, ikakaza, mashua ikavutwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Waliishika kamba watatu, wakavuta, na ilipokwisha, mzee alichota maji matamu kwenye chupa aliyoileta kutoka nyumbani, akamimina mdomoni mwa sili, kwa sababu wanaoishi kwenye chumvi huja kwetu wakiwa na kiu. Ndipo tu Balbina alipogeuka nyuma.

Aloysius alikuwa ameketi wima, mkono mmoja bado kwenye usukani, machozi yanamtoka, tabasamu limemganda usoni kama la picha ya pasipoti. Kwa mkono wa pili alikuwa anajipapasa ndani ya shati. Akatoa ganda.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ndogo sana, ya upendo. "Umekosa kulenga. Sili alikuwa upande ule."

"Ulipinda?"

"Mimi? Nipinde?" Alimeza mate. "Lilikaa kwanza hapa, kisha likatelemka hapa, kisha sitakwambia lilikokwenda, wewe ni mke wa utani tu."

Mabega ya Angalgaq yalikuwa yanatikisika. Alikuwa ameinama juu ya kamba, akiizungusha, na ilichukua muda Balbina kutambua kwamba anacheka.

Mchana ule sili alilala mbele ya nyumba yao juu ya maboksi yaliyopasuliwa, na wanawake walikuja kuona, wakijua kesho watasimama chini ya ngazi na mikono juu, warushiwe vitambaa, majani ya chai na vipande vya mafuta, kama inavyokuwa nyumba inapopata wa kwanza wa majira. Lucinda alikuja na koti lake la maua. Aloysius alikuwa anaonyesha shingo yake kwa yeyote mwenye macho.

"Amenitia alama," alimwambia Lucinda. "Kama mbwa wa mkokoteni. Sasa mtu yeyote akiniokota atajua anirudishe kwa nani."

"Na bunduki ilikwama?" aliuliza Lucinda.

"Ilikwama," alisema Balbina.

"Nilikwambia."

"Uliniambia, mama."

Lucinda akaridhika, akainama kumpapasa sili manyoya.

Jua la majira yale halina haraka ya kutua. Balbina alikuwa bado nje na kisu chake cha nusu mwezi, akitenga mafuta na ngozi, alipomwona baba yake akitoka na taulo begani. Moshi wa kibanda cha mvuke ulikuwa umeanza kuwa mweupe. Wanaume walikuwa ndani tayari. Mzee alipita karibu naye, akasimama kidogo kuangalia kazi, akasema mafuta ni mazito vya kutosha. Kisha hakungoja wengine watoke. Alifungua mlango mdogo, akainama, akaingia.

Kwa muda kulikuwa na sauti ya maji juu ya mawe, na wanaume wakiguna kwa joto. Sauti ya Aloysius ilikuja kupitia ukuta, imejaa malalamiko, ikieleza kidonda chake kwa mara nyingine, ukubwa wake, umbo lake, jinsi kitakavyobaki mpaka kaburini. Kisha akanyamaza ghafla, katikati ya sentensi, na wenzake wote wakanyamaza pamoja naye.

Balbina alisimamisha kisu.

"Changu," ilisema sauti ya baba yake, polepole, bila kujisifu, "ni kikubwa zaidi."

Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Mtu alimwaga maji, mvuke ukatoka kwenye nyufa zote za magogo, na Balbina akashusha kisu tena kwenye mafuta, akifuata mstari ule ule pale alipokuwa ameuachia.